Cyril Cusack na upole unaotisha

Fundi anauliza kama huyo bwana atakuwa anatembea au amesimama.

Amesimama, anajibu mteja.

Fundi anaitikia kwa kichwa, kama fundi cherehani anayetajiwa urefu wa mkono. Anauliza tena: risasi ni ya kichwa au ya kifua? Ya kichwa, pengine. Na nafasi ya kupiga mara ya pili itakuwepo? Huenda, ila mteja hana uhakika, na kwa vyovyote atataka kizuia sauti ili apate muda wa kuondoka. Wakifika kwenye risasi za kulipuka wanajadiliana zitiwe nini ndani, na wanakubaliana kwamba zebaki ni safi zaidi.

Mtu anayepangiwa kufa ni Charles de Gaulle, rais wa Ufaransa. Fundi hajui, na hana haja ya kujua.

Nilikuwa sebuleni kwa shemeji yangu. Umeme ulikuwa umerudi usiku, watoto wamelala, tukaona tuimalize The Day of the Jackal, ile ya mwaka 1973 iliyoongozwa na Fred Zinnemann. Shemeji ni mtu wa kuangalia muvi kwa mdomo: anawaonya wahusika, anawatukana, anatabiri. Kwenye sehemu ile ya fundi alikaa kimya kabisa. Mzee alipotoka kwenye kioo ndipo akasema, "Shem, huyu babu ananitisha kuliko huyo mwenye bunduki."

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshikwa na jambo langu: sura ile naijua, na jina silijui.

Wale wengine

Sisi tuliokulia vibanda umiza tuna mpangilio wetu wa dunia. Kuna steringi, kuna adui, na kuna wale wengine. Steringi hafi. Adui anakufa mwisho. Wale wengine wanakufa wakati wowote, na hakuna aliyewahi kudai arudishiwe kiingilio kwa sababu yao.

Fundi wa bunduki ni katika wale wengine. Ila kuna kitu nilikigundua nilipoirudia filamu peke yangu. Jackal, yule mteja, anapitia mafundi wawili: huyu wa bunduki, na mwingine wa hati bandia. Yule wa hati anajiona mjanja, anataka kumkamua mteja pesa zaidi, na anauawa palepale. Mzee wetu anamaliza kazi, anakabidhi mzigo, anabaki hai. Amenusurika kwa adabu. Hakuuliza hata swali moja lisilohusu kazi.

Jina nikalipata kwenye orodha ya mwisho: Cyril Cusack. Na jina lilipofunguka, sura zikaanza kuja zenyewe, moja baada ya nyingine. Hata wewe unayesoma hapa, kama uliwahi kukaa mbele ya televisheni siku za Pasaka wakionyesha Jesus of Nazareth ya Franco Zeffirelli, umemwona. Ndiye rabi Yehuda wa Nazareti, yule anayemsikiliza Yusufu seremala akiwa hajui afanye nini na Mariamu. Miaka yote hiyo nilidhani ni mzee wa Kiyahudi waliyemwokota hukohuko walikokuwa wakipiga picha.

Kumbe ni Mwairishi. Na huyo Mwairishi naye, kwa kuzaliwa, ni mtu wa Afrika.

Mtoto wa askari wa Natal

Cyril Cusack alizaliwa Durban tarehe 26 Novemba 1910, mwaka uleule ambao makoloni ya kusini yaliunganishwa yakawa Muungano wa Afrika Kusini. Baba yake, Mwairishi, alikuwa sajenti katika polisi wa farasi wa Natal. Mama yake alikuwa Mwingereza wa London, msanii wa jukwaani. Ndoa haikudumu. Mama akamchukua mtoto akiwa bado mdogo, wakaenda Uingereza, halafu Ireland. Huko mama akawa na mwigizaji aliyeitwa Brefni O'Rorke, na wote watatu wakaingia barabarani na makundi ya maigizo.

Hapa nilisimama kidogo nikawaza. Waongozaji wa sinema, kwa zaidi ya miaka arobaini, wakitaka mtu mwenye Ireland usoni walikuwa wanampigia simu huyu. Padri wa Kiairishi, ni yeye. Mlevi wa Kiairishi, yeye. Mzee wa kijiji, yeye. Na mtu huyo kaja Ireland akiwa mtoto mgeni, ana lafudhi ya mama yake wa London, kazaliwa ng'ambo ya ikweta.

Nadhani hiyo ndiyo iliyomfanya asikie vizuri. Mtoto mgeni hujifunza kusikiliza kwanza. Akikosea lafudhi anachekwa. Baadaye alijifunza Kiairishi hadi akawa anaandika kwa lugha hiyo, mashairi na mchezo wa kuigiza, wakati Waairishi wengi wa kuzaliwa walikuwa wamekwisha kuiacha shuleni. Na Ukatoliki wake ulikuwa wa kushikilia hasa. Uairishi aliutafuta kipande kwa kipande.

Picha yake ya kwanza ya sinema inanigusa kwa sababu hiyo. Ni Knocknagow, ya mwaka 1918, filamu isiyo na sauti kuhusu wapangaji wanaotupwa nje ya nyumba zao na wenye ardhi. Cyril ni mmoja wa watoto wa familia inayofukuzwa. Umri wake miaka saba hivi. Mtoto wa askari wa mfalme kutoka Natal, anasimama mbele ya kamera kuwa uso wa mateso ya Ireland.

Shule ya barabarani

Makundi yale yalikuwa yanabeba jukwaa lao wenyewe. Wanaingia mji mdogo, wanakodi ukumbi, wanafunga mbao na mapazia, jioni wanacheza. Kesho tamthilia nyingine, keshokutwa nyingine, halafu wanafungasha. Mchezo ambao haukukosekana ulikuwa East Lynne, ambamo kuna mtoto Willie anayefariki huku mama yake yuko pembeni, kajificha kwa sura ya yaya. Kundi lenye mtoto lilikuwa na faida kubwa: lilikuwa na wa kufa.

Shule ya namna hiyo haikufundishi kungoja nafasi nzuri. Inakufundisha kwamba leo wewe ni mfalme, kesho unashika mshumaa, na pesa ya kula ni ileile.

Alisoma Newbridge kwa mapadri Wadominiko, akaingia chuo kikuu pale Dublin, akatoka bila shahada. Mwaka 1932 akaingia Abbey Theatre, ukumbi wa maigizo wa taifa wa Ireland, na katika miaka kumi na mitatu iliyofuata alicheza tamthilia zaidi ya 60 pale. Ukitaka kujua Abbey ilikuwa nini wakati huo, angalia Odd Man Out ya Carol Reed, 1947. James Mason ndiye steringi, jambazi wa kisiasa aliyejeruhiwa anayetambaa kwenye mitaa ya Belfast. Lakini waliomzunguka wametoka Dublin. Cusack ni Pat, dereva wa gari la kutorokea. Johnny, yaani Mason, anadondoka kwenye gari, na gari haligeuki kumfuata. Filamu yote inazaliwa hapo.

Ila kwenye filamu ile anayenishika ni F. J. McCormick, mwigizaji mkubwa wa Abbey, anayecheza Shell, kabwela mfuga ndege anayetaka kumuuza majeruhi kwa bei nzuri. Alifariki mwaka huohuo, filamu bado mpya. Mtazame McCormick anavyosikiliza wakati mwenzake anaongea. Halafu mtazame Cusack miaka ishirini baadaye. Utaona somo limetoka wapi.

Mwaka huohuo wa 1947 Cusack akaunda kampuni yake mwenyewe ya maigizo. Akacheza Christy Mahon wa The Playboy of the Western World, kijana anayedai amemuua baba yake, akaipeleka hadi Paris mwaka 1954. Mwaka uliofuata akafanya jambo ambalo bado linanichanganya.

Alichukua tamthilia mpya ya Sean O'Casey, The Bishop's Bonfire, akaipandisha jukwaani kwenye ukumbi wa Gaiety, Dublin, Februari 1955, Tyrone Guthrie akiiongoza. O'Casey alikuwa mkomunisti aliyehamia Uingereza, na tamthilia inawachapa maaskofu na watu wa dini waziwazi. Magazeti ya Kikatoliki yalikasirika kabla ya pazia kufunguliwa. Na mwenye kampuni, anayehatarisha mali na jina lake, ni Mkatoliki wa kusali kwelikweli.

Watu humsema kwamba alikuwa mhafidhina, na alikuwa mhafidhina. Lakini mhafidhina mwoga asingeigusa karatasi ile.

Ofisini kwa Control

Sasa turudi kwenye kile kilichomnyamazisha shemeji.

Mwaka 1965, The Spy Who Came in from the Cold. Richard Burton ni Leamas, jasusi aliyechoka, katoka Berlin ambako mtu wake wa mwisho ameuawa ukutani. (Ukuta wenyewe ulijengwa Smithfield, katikati ya Dublin, Waairishi walishinda pale wakiangalia Berlin ikijengwa kwa mbao.) Anaingia ofisini kwa mkuu wake, anayeitwa Control tu. Control ni Cusack.

Anamwonea huruma. Anazungumza juu ya uchovu, juu ya mtu kukaa nje kwenye baridi muda mrefu. Halafu, kwa sauti ileile, anaeleza kwamba mbinu zetu na za maadui zimekuja kufanana mno, na kwamba huwezi kuwa na roho laini kuliko mpinzani eti kwa sababu tu sera ya serikali yako ni njema. Anaongea kama anayeomba radhi kwa kukupotezea muda. Burton, mwenye sauti ya kengele, anabaki kama mwanafunzi. Mpaka filamu iishe utakuwa umeelewa kwamba katika ofisi ile ya heshima mtu alikuwa anauzwa.

Niliwahi kufuatilia karatasi za familia kwenye ofisi moja ya umma. Kulikuwa na bwana aliyenikaripia mbele za watu, na kulikuwa na mwingine aliyenipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani, akanipa pole ya safari. Aliyenikaripia ndiye aliyenisaidia. Yule wa kiti ndiye aliyelikalia faili. Kila nikirudi ananipokea vizuri zaidi.

Kwa hiyo ninamwelewa Control kwa ngozi yangu.

Mwaka 1966 anarudia, na hapa ndipo pazuri kuliko pote. François Truffaut, mwongozaji wa Kifaransa, anaitengeneza Fahrenheit 451, filamu yake pekee ya Kiingereza, lugha aliyokuwa haiwezi vizuri. Oskar Werner ni Montag, mzimamoto ambaye kazi yake ni kuchoma vitabu. Truffaut na Werner waligombana hadi wakaharibiana urafiki. Katikati ya ugomvi ule yupo Cusack, Kapteni, na yeye ndiye anayeonekana yuko nyumbani.

Wamegundua maktaba iliyofichwa kwenye nyumba ya mwanamke mzee. Kapteni anamchukua Montag pembeni kati ya vitabu, na anafurahi. Anafurahi kweli, kama babu anayemwonyesha mjukuu shamba. Anachomoa Robinson Crusoe: weusi hawakuipenda kwa sababu ya Ijumaa, mtumishi wa Crusoe. Anachomoa Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani: Wayahudi hawakumpenda. Kitabu cha saratani ya mapafu: wavutaji sigara waliingiwa na hofu. Basi tuchome, ili watu wapate amani. Watu wakiwa sawa ndio watakuwa na furaha. Anaposema lazima vichomwe vyote, mkononi mwake ana kitabu cha Hitler.

Nilisimamisha picha pale.

Mwigizaji mwingine angekipigia kelele kile kitabu. Angekiinua ili tukione. Yeye amekishika tu. Ukikiona, umekiona. Na hoja anayoitoa ni hoja ambayo nimeisikia kwa watu wema kabisa, mezani, kwa nia ya kulinda jamii. Ubaya ungekuja ukipiga kelele tungeukimbia.

Halafu 1984, ya Michael Radford, iliyotoka mwaka huohuo wa jina lake. Cusack ni bwana Charrington, mwenye duka la vitu vya zamani, anayempangisha Winston, steringi anayechezwa na John Hurt, chumba cha juu. Mzee mkarimu mwenye kumbukumbu za nyimbo za zamani. Ni polisi wa fikra.

Kuna mchezo ndani ya mchezo hapa. Mwaka 1965 Cusack anamchezea Burton shere ofisini. Mwaka 1967, katika The Taming of the Shrew ya Zeffirelli, Cusack ni Grumio, mtumishi wa Burton, anavumilia vibao. Mwaka 1984 wako upande mmoja, wote wawili wakimshughulikia John Hurt. Ilikuwa filamu ya mwisho ya Burton. Alifariki Agosti ya mwaka huo, kabla haijatoka.

Hapa nikaanza kusita

Kwa wiki nzima nilitembea na nadharia yangu nikiwa nimeridhika. Cusack ni bingwa wa upole unaoua. Nimemaliza, niandike.

Nikaona niangalie na zile nyingine kwanza.

Harold and Maude, 1971: ukipepesa macho humwoni. True Confessions, 1981: ni kardinali, Robert De Niro ni padri wake, na kazi nyingi inafanywa na vazi. Far and Away, 1992, ile ya Tom Cruise na Nicole Kidman: mzee wa kijiji, hadithi na pombe, Ireland ya kadi ya posta. Nilikereka. Huyu ndiye mtu wa Paris? Huyu ndiye aliyepandisha O'Casey?

Na swali baya likaja nyuma yake. Upole ule wa Control, wa Kapteni, wa Charrington, wa fundi wa bunduki, si ni kitu kimoja? Mtu amegundua ana sauti ndogo na macho ya huruma, akawa anaviuza kwa kila anayebisha hodi. Mchezaji anayefunga kila mechi kwa penalti ileile, sisi tunamwita fundi, lakini kipa mmoja mwerevu anamaliza habari.

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni orodha ya vitu ambavyo siwezi kuviona.

Siwezi kumwona Christy Mahon wake. Siwezi kumwona akiwa Krapp wa Samuel Beckett, mwaka 1960, mzee aliye peke yake na mashine ya kurekodia, anasikiliza sauti yake mwenyewe ya ujana na kuizomea. Siwezi kumwona akiwa Cassius katika Julius Caesar pale Stratford mwaka 1963. (Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo huo kwa Kiswahili. Mambo mawili yasiyojuana kabisa, lakini kichwani mwangu sasa hayaachani.) Cassius si mpole. Cassius ni yule mwembamba mwenye njaa machoni, anayefikiri kupita kiasi, ambaye Kaisari anasema watu wa aina hiyo ni hatari.

Jukwaa halibakizi kitu. Ninamhukumu mtu kwa mabaki, kwa sehemu ya kazi iliyokuwa inalipa ada za shule za watoto, huku kazi yenyewe imekwisha kuliwa na watu waliokuwa wameketi pale usiku ule.

Saa ya mama

Kati ya vitu nisivyoweza kuviona, kimoja ningelipia nauli.

Mwaka 1990, Gate Theatre ya Dublin, halafu Royal Court ya London. Three Sisters ya Chekhov, kwa maneno ya Frank McGuinness, Adrian Noble akiongoza. Sorcha Cusack ni Olga. Sinéad Cusack ni Masha. Niamh Cusack ni Irina. Dada watatu wa kweli. Na Chebutykin, daktari mzee wa jeshi aliyekuwa akimpenda mama yao kimyakimya, ni baba yao, Cyril, akiwa karibu kutimiza miaka 80.

Wanaoijua tamthilia wanajua kitendo cha tatu. Daktari amelewa baada ya muda mrefu wa kujizuia. Mgonjwa amemfia. Anasema amesahau yote aliyojifunza, kwamba huenda hata hayupo, anajifanya tu kuwa ana mikono na miguu. Anaichukua saa ya kauri. Inamdondoka, inavunjika vipande.

Ilikuwa saa ya marehemu mama.

Mama wa wasichana hawa wa kweli, Maureen Kiely, naye mwigizaji, alifariki mwaka 1977. Na ndoa yenyewe haikuwa nyepesi: Cyril alikuwa na binti mwingine, Catherine, aliyezaliwa 1968 kwa mwanamke aliyekuja kumuoa baadaye. Catherine pia akawa mwigizaji. Kwa hiyo usiku baada ya usiku, mbele ya watu waliokata tiketi, baba anaivunja saa ya mama mbele ya mabinti zake, na daktari anasema pengine sikuivunja, inaonekana tu kama nimeivunja.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliona ni ukatili. Sasa nadhani ni familia inayojua kazi yake. Kuna mambo hayasemeki mezani, na wao walikuwa na bahati ya kuwa na meza nyingine.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 7 Oktoba 1993, alifariki London kwa ugonjwa unaokula neva zinazoendesha misuli. Mwigizaji aliyefanya kila kitu kwa kusogeza kidogo tu, mwili ukamnyang'anya hata hicho kidogo.

Viazi

Kilichoibomoa nadharia yangu ni filamu ndogo kuliko zote. Poitín, ya Bob Quinn, 1978, iliyopigwa Connemara, magharibi kabisa ya Ireland. Ni filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kutengenezwa yote kwa Kiairishi. Poitín ni gongo yao, ya kupikwa kichakani polisi wasijue. Pesa ya filamu ilikuwa ndogo na inaonekana.

Hapa Cusack ndiye steringi. Ni Michil, mzee mpika gongo anayeishi na binti yake kwenye nyumba ya mbali. Ana vijana wawili wa kumuuzia: Donal McCann na Niall Tóibín, wote wawili waigizaji wakubwa. Polisi wanakamata mzigo, vijana wanauiba tena, wanauza, wanalewa pesa ya mzee, halafu usiku wanakuja nyumbani kwake kutaka zaidi na kumsumbua binti.

Hakuna upole. Michil ni mkavu, bahili, ana hasira za mzee aliyezoea baridi. Sauti ile ya Control haipo. Kiairishi chake kinatoka kikwaruzo. Nilikaa nikingoja hila ile niliyoizoea na haikuja, ndipo nikaona kilichobaki ukiuondoa upole: mtu anayesikiliza kuliko anavyosema. Fundi wa bunduki alikuwa anasikiliza. Control alikuwa anasikiliza. Kapteni anaongea muda wote, lakini macho yake yanapima kila neno linaingiaje kwa Montag. Michil anawasikiliza walevi wawili ndani ya nyumba yake, wanavyotukana, wanavyocheka, wanavyotaka, na unamwona anapiga hesabu. Tamaa yao ndiyo itakayowamaliza, yeye atawaelekeza tu. Anawaelekeza ziwani, kwenye mashua ambayo haifiki.

Uso wake wakati wa hesabu ile hausogei, na mimi nilikuwa nimeshika mto wa kochi.

Filamu ilipoonyeshwa kwenye televisheni ya taifa ya Ireland, RTÉ, siku ya Mtakatifu Patrick mwaka 1979, watu walikuja juu. Siku ya taifa, lugha ya taifa, na wanachoonyeshwa ni walevi, wizi na mzee muuaji. Kilichowachoma zaidi ni sehemu ambayo vijana wanarusharusha viazi ndani ya nyumba ya Michil, kwa mchezo. Katika nchi ambayo watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa yake viazi vilipooza katika miaka ya 1840, kiazi hakirushwi.

Cusack alikuwa amepita umri wa miaka 65, ana Zeffirelli na Truffaut kwenye wasifu wake, na tayari vyuo vikuu vilikuwa vimeanza kumpa shahada za heshima. Hakuwa na sababu ya kwenda kupigwa na mvua Connemara kwa ajili ya filamu isiyo na pesa, ambayo wenye lugha yao wenyewe wangeichukia. Alikwenda. Ukitaka kumjua, usianze na Jackal kama mimi. Anza na hiyo. Ni kama saa moja tu, ina maandishi ya Kiingereza chini, na sehemu zake nzuri hazina cha kusoma.